Kuku wa mama walipogoma kutaga

Hii ilikuwa Mbagala, mwezi wa pili, lile joto la Dar ambalo usiku unageuza mto upande wa pili na wenyewe umeshapata moto. Mama alikuwa na kuku chotara nyuma ya nyumba, mayai anampelekea mangi wa pale kona, na hela yake ndo ilikuwa inanunua mboga na vocha zake. Sasa mayai yakaanza kupungua, leo trei haijai, kesho hata nusu hakuna, mwisho unaingia bandani unatoka na mayai mawili na moja gamba lake laini ukilishika linabonyea.

Basi kila mtu na lake. Baba mdogo akasema ni nyoka, akalala na panga dirishani. Jirani akasema mama kapigwa jicho. Mama ye alimshuku yule kijana anayekuja kuzoa taka, mpaka siku hiyo akampekua kiroba chake, mi niliona aibu mpaka nikaingia ndani.

Mwishowe dada akamwita dokta wa mifugo. Nilidhani atatoka na sindano, kumbe wala. Kamkamata kuku wa kwanza, kamgeuza, kaweka vidole kwenye ile mifupa miwili ya nyonga pale yai linapotokea. "Mama, vidole vitatu vinaingia hapa, huyu yuko kazini." Wa pili kidole kimoja tu kwa shida, upanga wake wa kichwani umepauka umesinyaa, akasema huyu kasimama kutaga. Akaendelea hivyo hivyo kwa kila kuku, na wengi walikuwa wa kidole kimoja. Mmoja shingo nyeupe haina manyoya, akasema huyo muacheni anabadilisha manyoya, protini yote inaishia huko, mwingine alikuwa anaatamia kona tupu haina hata yai, ukimsogelea anakudonoa kwa hasira.

Afu akauliza maji yako wapi. Mama akamwonyesha ndoo, imekaa juani kuanzia asubuhi. Tulikuwa kwenye mgao, maji tunanunua kwa madumu, kwa hiyo ya kuku yalikuwa yanawekwa mara moja basi. Dokta akatia mkono akautoa haraka, akasema "Shikeni wenyewe, nyie mngekunywa haya?" Akaeleza kuku hatoki jasho, anajipoza kwa kuhema mdomo wazi, na wa mayai anataka kama robo lita kwa siku, joto likipanda anataka hata mara mbili ya hapo. Akikosa maji chakula nacho hakishuki, na yai lenyewe sehemu kubwa ni maji, sasa atalitengeneza na nini. Hata lile gamba laini ni humo humo, kuku hali chakula vizuri so chokaa ya kutosha haiingii mwilini, na kule kuhema nako kunaharibu gamba.

Mama akanyamaza, akamwangalia baba mdogo na panga lake.

Ndoo ikahamia chini ya mwembe, maji yanabadilishwa mara tatu kwa siku, na hapo ndo kukawa na vita, mana mama alikuwa yuko tayari sisi tuoge nusu ndoo ila kuku wake wasiguswe dumu lao. Chakula akawa anawapa alfajiri na jioni jua likipoa. Mayai hayakurudi kesho yake, dokta alishasema kiini peke yake kinachukua kama wiki na zaidi kukua ndani ya kuku, na kweli tulisubiri mpaka dada akaanza kumsema dokta wa watu.

Yaliporudi mangi alishapata mtu wa kumletea mayai ya kisasa kwa pikipiki, akamwambia mama kwa upole eti labda mwezi ujao. Mama akamfuata kijana wa chipsi pale stendi, na yule akakubali ila akawa analigonga kila yai kwa kucha kabla ya kulipa.