Kutoka Culdrose hadi Penlee

Nilishuka Penzance jioni, baada ya takriban saa tano za treni kutoka London, na asubuhi iliyofuata nikapanda basi la kwenda Helston. Nilitaka kupaona mahali ambapo kwa miongo kadhaa helikopta ziliondokea kwenda kuwaokoa watu katika bahari ya Cornwall, eneo la kusini-magharibi mwa Uingereza.

Kituo cha Culdrose kiko nje kidogo ya mji huo, kwenye uwanda usio na kizuizi cha upepo. Jeshi la Majini la Uingereza lilikifungua mwaka 1947 kwa ajili ya ndege zake za kivita, wala kuokoa raia hakukuwa sababu ya kujengwa kwake. Kazi hiyo ilikuja kwa kuwa helikopta na marubani walikuwa tayari hapo, na bahari iliyo jirani haikuacha kuvunja meli. Nikiwa kando ya uzio, nikitazama helikopta za Merlin zikifanya mazoezi, niliziwaza helikopta za Sea King, nyekundu na kijivu, za Kikosi cha 771 cha hapo Culdrose, ambacho Januari 2007 kiliwaopoa mabaharia wote 26 wa meli ya MSC Napoli kutoka katika boti yao ya kujiokolea. Miaka mingi kabla ya hapo, Agosti 1979, helikopta za Culdrose zilikwenda kuwatafuta mabaharia wa Fastnet, mashindano ya mashua za matanga, baada ya dhoruba kuzikumba mashua 303 zilizoshiriki; washindani 15 walikufa, na wengine wengi wako hai kwa sababu kamba ya winchi iliwafikia. Tangu tarehe 1 Januari 2016 jukumu hilo ni la walinzi wa pwani, ambao helikopta zao huondokea Uwanja wa Ndege wa Newquay.

Hata hivyo, siku ambayo mimi huikumbuka zaidi katika historia ya Culdrose ni siku ambayo helikopta yake ilirudi bila kumwokoa mtu hata mmoja. Alasiri nilirudi upande wa Penzance, nikatembea kutoka kijiji cha Mousehole hadi Penlee, ambako nyumba ya zamani ya boti ya uokoaji imeachwa kama ilivyokuwa.

Tarehe 19 Desemba 1981, meli ya mizigo Union Star, iliyokuwa katika safari yake ya kwanza, ilizimikiwa na injini ikiwa na watu 8, na upepo ukaisukuma kuelekea miamba ya pwani hii. Sea King kutoka Culdrose, iliyorushwa na rubani Mmarekani Russell Smith, ilijaribu tena na tena kushusha kamba, lakini mlingoti wa meli uliokuwa ukipandishwa na mawimbi yenye kimo cha mita 18 hivi ungeweza kuzipiga panga zake wakati wowote. Ndipo boti ya uokoaji ya Penlee, Solomon Browne, yenye wanakijiji 8 wa kujitolea, ikasogea ubavuni mwa meli. Ilitoa taarifa kwa redio kwamba imewachukua watu wanne, kisha mawasiliano yakakatika. Wote 16 walikufa.

Smith alieleza baadaye kwamba hajawahi kuona ushujaa mkubwa kuliko ule. Nilisimama kwa muda mrefu juu ya mteremko wa kushushia boti, nikitazama mahali unapoingia majini.