Vijiti Viwili Vinavyouliza Umbali

Vijana ninaowasaidia hapa Kisumu kujiandaa kwa GMAT, mtihani wa kuomba nafasi katika shule za biashara, hawasumbuliwi sana na asilimia wala uwiano. Hukwama pale x inapofungiwa kati ya vijiti viwili vya wima, kisha ikafuatwa na alama ya "ndogo kuliko" au "kubwa kuliko". Wengi wamezoea kuligawa swali papo hapo, upande wa chanya na upande wa hasi, na kugeuza alama bila kujua kwa nini inageuzwa. Mimi nashikilia kwamba kabla ya kugawa chochote, swali lisomwe kwanza kama swali la umbali.

Vijiti hivyo ni alama ya thamani kamili. Thamani kamili ya nambari ni umbali wake kutoka sifuri, na umbali hauwi hasi kamwe. Kwa hivyo |x − 3| < 5 inasema kwamba umbali kati ya x na 3 haufiki 5. Mtu aliye chini ya kilomita 5 kutoka Ahero anaweza kuwa upande wa Kisumu au upande wa Awasi, lakini yumo katika kipande kimoja cha barabara. Vivyo hivyo x iko kati ya −2 na 8. Swali likiwa |x − 3| > 5, kipande hicho ndicho kinachoondolewa, na majibu hubaki katika pande mbili zilizotengana: x < −2 au x > 8. Anayeziunganisha na kuandika −2 > x > 8 anadai kwamba nambari moja ni ndogo kuliko −2 na papo hapo ni kubwa kuliko 8. Mstari wa nambari ukichorwa, kosa hilo halijitokezi. (Shuleni tulizoea kutia kivuli eneo lisilotakiwa; lakini kwenye mstari huu, tafadhali, kolezeni sehemu inayotakiwa.)

Uzuri wa usomaji huu huonekana zaidi katika |x − 2| < |x − 6|. Unaweza kuzidisha kila upande kwa wenyewe na kufungua mabano, lakini swali linauliza tu ni nambari zipi zilizo karibu na 2 kuliko 6. Katikati yake ni 4, basi x < 4. Katika sehemu ya hesabu yenye maswali 21 kwa dakika 45, bila kikokotoo, muda unaookolewa hapo ni mwingi.

Umbali peke yake hautoshi x inapokuwa pia nje ya vijiti, kama katika |x − 4| < 2x − 5. Hapo kugawa ni lazima, na kila tawi lina sharti lake. Ikiwa x ni 4 au zaidi, tunapata x − 4 < 2x − 5, yaani x > 1. Lakini tawi hili linaruhusu nambari kuanzia 4 tu, kwa hivyo linatupa x ≥ 4. Ikiwa x ni chini ya 4, tunapata 4 − x < 2x − 5, yaani x > 3, na tawi hili linatupa nambari kati ya 3 na 4. Yakiunganishwa, jibu ni x > 3. Anayesahau sharti la tawi la kwanza huchagua x > 1, na ningependa kila mmoja ajaribu nambari moja kabla ya kuchagua: weka 2, upande wa kushoto utakuwa 2 na wa kulia −1, na 2 si ndogo kuliko −1.