Tusiuguse

Maumivu yalinishika nikiwa nimekaa kwenye kigoda uani kwa mama, Magomeni, bibi ananikanda mgongo kwa maji ya moto. Ilikuwa Aprili 2018, wiki ile ya mafuriko Jangwani hadi barabara ikafungwa, na mimi nilikuwa mzazi, arobaini haijafika hata nusu. Kwanza kifua kilibana. Kisha ule ubano ukapanda kwenye taya, ukashuka mkono wa kushoto hadi vidoleni, na jasho la baridi likanitoka huku mvuke wa ndoo unanipiga usoni.

"Maziwa hayo, yamejaa," bibi akasema. Mama mdogo akasema ni chango la uzazi. Jirani aliyekuja kumwona mtoto akasema gesi, maana uji wa pilipili manga niliokunywa asubuhi aliuona mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kwa mzazi mwingine yeyote jibu lolote kati ya hayo lingeweza kuwa sahihi.

Zahanati ya karibu walinipa dawa za vidonda vya tumbo. Siwalaumu kwa kukisia hivyo. Ukiletewa mwanamke wa miaka 34, mwembamba, hana presha, hana sukari, sigara hajawahi kushika, amejifungua juzijuzi, utaanza kumwuliza amekula nini. Ninachowalaumu hadi leo ni kwamba hawakunipima kitu. Hata mapigo ya moyo hawakuhesabu.

Usiku maumivu yalitulia, alfajiri yakarudi na kutapika juu yake. Mume wangu hakusubiri ushauri wa mtu, akaita bajaji tukaenda hospitali kubwa kidogo. Huko tabibu mmoja kijana alinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi, akaitazama, akanibandua na kunibandika upya. Akaniuliza umri kwa mara ya pili.

"Dada, hii ni ya moyo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Damu ikapimwa troponini, protini inayovuja kuingia kwenye damu pale msuli wa moyo unapoumia. Ilikuwa juu. Akanitafunisha aspirini na kutafuta gari la wagonjwa. Dawa kali ya kuyeyusha damu iliyoganda hawakuwa nayo, na mume wangu alikasirika sana kwa hilo. Baadaye tuliambiwa kwamba kukosekana kwake kulikuwa heri kwangu. Kwa ugonjwa niliokuwa nao, dawa ile ingeweza kuzidisha uvujaji wa damu.

Toka Magomeni mpaka Muhimbili si mbali, ukipita Jangwani. Siku ile tulizunguka Kinondoni, tukavuka daraja la Salenda pamoja na magari yote ya jiji yaliyokosa njia nyingine. Mama alimpakata mtoto pembeni yangu na kusoma dua. Mimi nilikuwa nawaza jambo dogo kabisa: nani atamnyonyesha saa nne.

Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete waliniingiza kwenye chumba chenye baridi kali, wakanitia ganzi kwenye kifundo cha mkono na kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye moyo. Nilikuwa macho. Rangi ya kuonyesha mishipa ilipopita nilihisi joto linanitambaa mwili mzima, na kwenye kioo cha mashine nikaona mishipa yangu mwenyewe, myeusi, inacheza kila moyo unapodunda. Daktari aliitazama mishipa ile kwa muda mrefu. Akamwita mwenzake. Wakaongea, wakapitisha dawa ya kutanua mshipa, wakatazama tena. Mshipa wa mbele upande wa kushoto, ule mkubwa, ulianza na unene wake wa kawaida, ghafla ukawa mwembamba kwa kipande kirefu, kingo zake laini bila mafuta wala mabonge, halafu chini ukanenepa tena.

"Damu inapita mpaka mwisho," yule mwenzake akasema. "Tusiuguse."

Wakatoa mrija.

Nimelifikiria neno hilo kuliko yote niliyoambiwa mwaka ule. Nilikuwa nimejiandaa kwa kisu, kwa stenti, kile kibomba cha waya cha kutanulia mshipa, hata kwa kufa. Kuachwa hivihivi sikuwa nimejiandaa nako. Nilirudishwa wodini na bandeji kwenye mkono, moyo wangu una jeraha lilelile nililoingia nalo.

Kama mimi nilitatizika, mfikirie baba. Baba yangu ni fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa, na mtu wa kazi za mikono haelewi fundi anayefungua kitu, akaona kilipoharibika, kisha akafunga. Alimvizia daktari koridoni.

"Daktari, mmeona pameharibika?"

"Tumeona, mzee wangu."

"Na hamkufanya kitu?"

Daktari, ambaye nadhani alikuwa hajalala, alimtazama na kumwuliza anafanya kazi gani. Baba akamwambia. Basi akamwambia afikirie mkono wa koti ambao bitana yake imefumuka kwa ndani, na damu imeingia kati ya kitambaa na bitana. Bitana inavimba, njia inakuwa nyembamba, mkono haupiti vizuri. Ukuta wa mshipa wa moyo una tabaka tatu, na kwa mwanao damu imejipenyeza katikati yake. Hakuna mafuta yaliyoziba. Ukuta wenyewe umeachana.

"Si mshone, sasa?"

"Nikipitisha waya pale naweza kuufumua mpaka chini. Nikitanua kwa stenti, ile damu iliyonasa inasukumwa mbele, inaziba kipande kingine. Ukiachwa, mara nyingi unajifunga wenyewe, wiki kadhaa au miezi."

Baba alirudi kitandani kwangu akanieleza yote hayo kwa mikono, akiushika mkono wa shati lake. Hakuridhika, lakini alikuwa ameelewa, na mpaka leo maelezo yake ndiyo ninayowapa watu.

Siku zilizofuata zilikuwa za kulala chini ya mashine inayolia. Hawakunitoa haraka kwa sababu mpasuko wa aina hii, ukiamua kuendelea, aghalabu huendelea siku za mwanzo. Vidonge vya kupunguza kasi ya moyo, aspirini, basi. Mama alileta mtoto saa za kutazama wagonjwa, na muuguzi mmoja mwenye roho nzuri alijifanya haoni muda umepita. Ndugu walipokuja walisimama wakisubiri nionyeshe kovu. Hakuna kovu. Shangazi mmoja alimnong'oneza mama kwamba tutafute hospitali ya India, hawa hawajui.

Walijua. Niliposoma baadaye nilikuta kwamba ugonjwa huu wa ukuta wa mshipa wa moyo kupasuka wenyewe, kwa kifupi cha Kiingereza SCAD, uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1931, mwanamke wa miaka 42, na waliugundua wakati wa kuchunguza maiti yake. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa nadra mno. Wagonjwa walio wengi, kama tisa katika kumi, ni wanawake, na kwa mama mjamzito au aliyetoka kujifungua hakuna sababu ya shambulio la moyo iliyo ya kawaida kuliko hii. Na waliosukuma utafiti ni wagonjwa wenyewe: wanawake Wamarekani waliokutana mtandaoni, wakamwendea daktari wa moyo, Dkt. Sharonne Hayes wa hospitali ya Mayo Clinic, wakimtaka awachunguze. Natamani bibi angekuwa hai nimsimulie hilo. Alipenda sana habari za wanawake waliokwenda kudai kitu.

Nilipotoka nilipewa masharti. Nisinyanyue ndoo wala dumu. Nitembee kila siku, lakini nisishindane na mtu. Mishipa ya shingo na figo ipigwe picha, kwa kuwa ugonjwa huu huambatana na udhaifu wa mishipa sehemu nyingine. Yangu ilikutwa salama. Na mimba nyingine hawakuishauri, hasa kwa kuwa hali hii inaweza kujirudia. Hilo la mwisho mume wangu alikwenda kumwambia mama yake peke yake, Tanga, na hakunieleza walivyozungumza. Mama mkwe hajawahi kuniuliza lini naongeza, na kwa familia ile hilo si jambo dogo.

Kabla ya mwaka kwisha nilirudi kupigwa picha nyingine ya mishipa, safari hii kwa mashine ya kulala na kupitishwa ndani, bila mrija wa mkononi. Baba aling'ang'ania kuja. Daktari aliweka picha mbili bega kwa bega, ya Aprili na ya siku ile, akawaita na madaktari wanafunzi waone. Kwenye picha mpya mshipa ulikuwa mpana juu hadi chini.

"Nani kaushona?" baba akauliza.

"Hakuna, mzee. Umejishona wenyewe."

Baba akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole katikati ya ule mshipa. "Umejishona vibaya. Hapa pana mkunjo."

Wanafunzi wakacheka. Daktari hakucheka. Aliikuza picha, akaitazama, akasema kweli mkunjo upo, ila hauzuii kitu.