Kutoka boti ya Kazinga hadi Ssese: tafuta kivuko kwanza, kisiwa baadaye

Wageni wengi wakishamaliza matembezi ya boti kwenye mfereji wa Kazinga, magharibi mwa Uganda, viboko wamehesabiwa na tembo wamepigwa picha wakinywa maji ukingoni, hupanda gari na kurudi Kampala moja kwa moja, likizo ikaishia kwenye foleni. Ni hasara kubwa. Barabara hiyohiyo ya Mbarara inapita Masaka, na kutoka Masaka hadi mwalo wa Bukakata ni kama kilomita 40 tu. Hapo kuna feri inayovuka hadi Luuku, kwenye Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese katika Ziwa Victoria, na hulipi chochote, wewe wala gari lako. Siku ya kuondoka unachukua meli upande wa pili wa kisiwa na kushukia Entebbe, jirani na uwanja wa ndege. Kwa hiyo Bugala haikutoi njiani hata kidogo, inakuwa ndiyo njia yenyewe.

Ndiyo sababu nasema usianze na picha za mchanga. Visiwa vya Ssese ni 84, na kwenye simu vyote vina mchanga, minazi miwili na machweo. Kinachovitofautisha ni namna ya kuvifikia na, zaidi ya hapo, namna ya kutoka siku uliyopanga.

Tuchukue safari ya kutoka Mweya, boti za Kazinga zinapoanzia. Boti ya alasiri inachukua kama saa mbili, kwa hiyo lala hukohuko, uondoke alfajiri. Kupitia Bushenyi, Mbarara na Masaka hadi Bukakata ni zaidi ya kilomita 300, na ukisimama kula na kuweka mafuta, siku karibu yote imekwenda. Lenga kufika mwaloni si baada ya saa tisa alasiri. Feri haivuki usiku kucha, na Ijumaa jioni au mkesha wa sikukuu foleni ya magari inaweza kukufanya upitwe na feri moja au mbili kabla zamu yako haijafika. Kuvuka kwenyewe hakufiki saa moja. Ukishuka Luuku bado una zaidi ya kilomita 30 hadi mji wa Kalangala, katikati ya mashamba ya michikichi, na hiyo si barabara ya kuijaribu gizani mara ya kwanza.

Siku ya kuondoka kisiwani, meli ya MV Kalangala hutoka Lutoboka, bandari ya mji wa Kalangala, saa mbili asubuhi na kufika Nakiwogo, Entebbe, kama saa tano na nusu. Kutoka Nakiwogo huondoka saa nane mchana. Kama unamwandalia mgeni kutoka ng'ambo, mwandikie 08:00 na 14:00. Akisikia "saa mbili" atakuja baada ya chakula cha mchana, na meli itakuwa imeshafika Entebbe. Nafasi za magari melini ni chache, kwa hiyo gari liulizie mapema, au dereva alirudishe kwa Bukakata akupokee Entebbe. Tena meli hutolewa kazini kwa matengenezo mara kwa mara. Piga simu siku mbili kabla, usitegemee ratiba uliyoisoma mwezi uliopita. Ndege yako ikiwa ni ya jioni au usiku, unaweza kutoka kisiwani siku hiyohiyo. Ikiwa ni ya asubuhi au mchana, usiku wa mwisho ulale Entebbe, hilo halina mjadala.

Hesabu basi: siku ya kufika imeliwa na barabara, asubuhi ya kuondoka imeliwa na meli. Usiku mmoja Bugala ni uchovu wa kulipia. Usiku mbili zinakupa siku moja kamili, na tatu ndizo ninazozipendekeza.

Aliyekuja kuona maporomoko ya Murchison ana hesabu nyingine. Boti yake inaanzia Paraa, kaskazini, na lazima apitie Kampala, kwa hiyo Bukakata kwake ni kuzunguka bure. Huyu aangalie visiwa vinavyofikiwa kwa boti ya kasi kutoka upande wa Entebbe. Ngamba iko kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, ina hifadhi ya sokwe iliyoanzishwa mwaka 1998, na ukilala huko unaiona hifadhi baada ya wageni wa kutwa kuondoka. Bulago ni kimya na ni ghali zaidi. Banda na Bukasa hufikiwa kwa mitumbwi ya injini kutoka mwalo wa Kasenyi. Ni pazuri, Bukasa hasa kwa msitu wake, lakini mtumbwi wa abiria huondoka ukijaa, na mwenye tiketi ya ndege hawezi kuishi kwa saa za mtumbwi. Waachie wenye wiki nzima.

Na kuhusu boti, hapa usione haya kuuliza. Mwezi Novemba 2018 boti ya starehe ilizama ziwani upande wa Mukono, watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa na leseni na ilikuwa imejaza kupita kiasi. Kabla hujaweka mguu ndani, taka kuona jaketi la kuokolea la kila mmoja wenu, na la mtoto liwe la mtoto. La mkubwa humchomoka mtoto kichwani akigusa maji. Livae, funga mikanda yote, kisha mtu alivute juu mabegani: likifika masikioni, halikufai. Uliza kama kuna injini ya akiba na mafuta ya ziada. Saa nzuri ya kuvuka kwa boti ndogo ni kama saa tatu asubuhi. Tufani za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, na kuelekea alasiri upepo wa ziwani huinua mawimbi. Nahodha akisema tusubiri, mshukuru na uagize chai nyingine.

Sasa mahali pa kulala. Picha za ufuo mpana ziulizie mwaka. Mei 2020 maji ya ziwa yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena. Fukwe nyingi zilimezwa, na baadhi ya nyumba za wageni bado zinatangaza mchanga ulio chini ya maji. Omba picha iliyopigwa wiki hii kwa simu, kutoka barazani kuelekea ziwani. Mwenye mahali pazuri huituma ndani ya dakika tano.

Katika picha hiyo tafuta majani. Maji yaliyotulia yenye matete na magugu ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi kuelekea adhuhuri na huingia kwenye ngozi kwa dakika chache, bila wewe kuhisi chochote. Ufuo ulio wazi, wenye mawimbi, ulio mbali na mwalo na vyoo, una hatari ndogo zaidi, ingawa haiishi kabisa. Maji ya kuoga pia yaulizie: yaliyokaa kwenye tangi siku mbili hayana shida, yanayovutwa ziwani moja kwa moja hadi bombani yanayo.

Uliza pia mwalo ulipo na upepo unatoka wapi. Mukene, yaani dagaa wa ziwani, wakianikwa juani, harufu yao husafiri mbali. Halafu tazama mwezi, jambo ambalo tovuti za kuwekea vyumba hazitakuambia. Wavuvi wa mukene huvua kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana mwanga wake unazishinda taa zao, na usiku unakuwa mtulivu. Siku za giza upeo wote wa ziwa humetameta kama mji. Kwa kweli inapendeza sana kutazama, ila karibu na mwezi mwandamo ndipo sami, wadudu wadogo warukao wa ziwani, nao hutoka kwa wingi. Kwa mbali huonekana kama moshi uliosimama juu ya maji. Hawaumi, lakini taa moja ya barazani ikiachwa inawaka, asubuhi unafagia rundo la mabawa mlangoni, na supu iliyoachwa wazi hainyweki. Zima taa za nje, funga dirisha la upande wa ziwa kabla ya saa moja jioni, kula ndani.

Mvua ni nyingi visiwani kuliko bara, hasa Machi hadi Mei, na usiku kuna baridi kidogo. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta. Chandarua kikague kwa mkono, si kwa macho. Beba pesa taslimu za kutosha siku zote: mtandao ukikatika au wakala akiishiwa, pesa za simu hazikusaidii. Samaki agiza asubuhi ili ngege (sato) au mputa (sangara) wa jioni awe wa siku hiyo.

Na kama uliingia majini, hata mara moja, andika tarehe. Dawa ya kichocho, praziquantel, huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga, ndiyo maana anayeinywa siku ya kurudi nyumbani hujidanganya. Hesabu wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho uliyogusa maji ya ziwa, kisha nenda kituo cha afya ukapimwe uzito, kwa sababu dozi huhesabiwa kwa kilo.