Kumrambazia nguru: chambo kinakwendaje majini?

Kila ninapoulizwa ni chambo cha rangi gani kinachomfaa nguru, huwa nauliza kwanza chambo hicho kilikuwa kinakwendaje majini. Rangi ina nafasi yake, na mimi mwenyewe sitoki bila chambo bandia cha buluu na fedha, lakini katika miaka yangu ya kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayokwenda, kaskazini ya Nungwi, Unguja, nimeona nguru wakikipita chambo kizuri cha dukani kilichokuwa kinalalia ubavu, kisha wakavamia kishada cha nyuzi za gunia kilichokuwa kinakwenda sawasawa.

Kati ya Unguja na Pemba kuna mwinuko wa chini ya bahari uitwao Leven Bank, ambao mkondo ukiugonga maji husukumwa juu, vibua na dagaa hukusanyika, na nyuma yao huja nguru, jodari, sehewa na kolekole. Membe, ndege wa baharini, wakianza kupiga mbizi, kosa ninaloliona mara kwa mara ni nahodha kuielekeza boti katikati ya kundi, jambo ambalo huwatawanya dagaa na kuwazamisha samaki wakubwa. Inafaa kupita pembeni, upande ule ambao kundi linaelekea, na kukata kona taratibu ili chambo tu ndicho kiguse ukingo wa kundi.

Nguru huweza kufikia urefu wa mita 2.4 na uzito wa kilo 70, lakini kwa mrambazaji jambo kubwa zaidi ni kinywa chake. Meno yake ni bapa, ya pembetatu, makali kama wembe, na mara nyingi hushambulia kwa nyuma, akaukata mkia wa windo lake. Ndiyo maana chambo kikirudi kimekatwa nusu, safi kana kwamba kimepitiwa na kisu, huhitaji kuuliza aliyepita ni nani. Ndiyo maana pia ni lazima kuwe na waya mbele ya ndoana, nusu mita hivi inatosha, na ndoana ya pili ikae karibu na mkia. Waya uwe mwembamba kadiri unavyoweza kuuamini, kwa kuwa nguru anaona vizuri na waya mnene huharibu mwendo wa chambo.

Chambo ninachokipenda kuliko vyote ni chuchunge, samaki mdogo mwembamba, na kumfunga ni kazi inayotaka subira. Namchagua wa shibiri moja na zaidi kidogo, aliyelazwa katika barafu yenye chumvi ili nyama yake ikaze. Namkamua tumbo kwa kidole gumba, kutoka kichwani kwenda nyuma, mpaka uchafu wote utoke, kisha naukunja mgongo wake mara tatu nne hadi uti ulegee, kwa sababu chuchunge aliyekakamaa huvutwa kama kijiti. Ndoana ya kwanza naiingiza chini ya shavu, itokeze tumboni kwa tundu ndogo iliyonyooka katikati. Ikienda upande hata kwa upana wa ukucha, samaki atazunguka. Baada ya hapo nauvunja ule mdomo wake mrefu wa chini na kukifunga kinywa kwa waya laini wa shaba uliokazwa kwenye waya mkuu. Avutwe kwa mdomo, si kwa ndoana. Kabla ya kuachia mshipi namtia majini ubavuni mwa boti, kwa mwendo wa maili tatu au nne za baharini kwa saa, na kumtazama dakika nzima. Akizunguka, namtoa na kuanza upya.

Chambo bandia chenye ulimi wa plastiki mdomoni huvumilia mwendo mkubwa zaidi, maili sita hadi nane, nacho pia hujaribiwa hivyo hivyo. Jambo jingine ni ndoana zake. Mwaka mmoja nilinunua chambo bandia katika duka moja la mjini, nikakitupa siku hiyo hiyo bila kukikagua, na nguru mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona karibu na boti akazinyoosha ndoana zote tatu. Uchungu wa siku ile ninao bado. Tangu hapo hubadilisha ndoana za kila chambo kipya, na pete zinazozishika pia.

Nguru akila, asivutwe kwa pupa. Mbio zake za kwanza ni ndefu, na breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikikazwa sana hung'oa ndoana au kukata mshipi. Nahodha aendelee na mwendo mdogo ili mshipi usilegee hata mara moja.

Kolekole ni habari nyingine: huyo nampendea chambo cha kuelea kinachotema maji kinapokokotwa juu ya mwamba, na breki yake huikaza mno, kwa kuwa akipewa nafasi huingia mwambani na kukata kila kitu. Sulisuli tukimpata humrudisha, na kwa ajili yake natumia ndoana ya mviringo, ambayo kwa kawaida hushika pembeni mwa kinywa badala ya kumezwa.

Nguru aliyeingia botini ashikwe mkiani, kinywa kikiwa mbali na miguu ya watu. Matamvua yakatwe mara moja ili damu itoke, kisha alazwe ndani ya barafu, kwa sababu nyama yake huharibika upesi juani. Wakati mwenzangu anafanya hayo, mimi naupitisha waya kati ya vidole viwili kutoka ndoanani hadi kwenye fundo. Nikihisi mkunjo mmoja tu, naukata na kufunga mwingine, hata kama membe bado wanapiga mbizi mbele yetu.