Uvimbe sio lazima kansa, na kansa sio ugonjwa mmoja

Jamani hili linaniuma. Kila nikikaa na watu wazima wa kwetu nasikia lilelile, "kansa ukiigusa na chuma inasambaa", basi mama anakaa na uvimbe kwenye titi mwaka mzima anakunywa mizizi, akija kufika Ocean Road, hospitali ya kansa pale Dar, ugonjwa umeshaenda mbali, halafu nyumbani wanasema si mnaona, walimkata kipande cha nyama cha kupima ndo maana. Hapana. Kilichomponza ni ule mwaka.

Uvimbe mwingi hauna kansa. Faibroidi, uvimbe wa kwenye kizazi, inaweza kukua ikafika kichwa cha mtoto, ikakutesa kwa damu nyingi kila mwezi, lakini haihamii kwenye ini wala mapafu. Kansa ni seli zilizoacha kutii, zinazaliana tu, zinapenya nyama ya jirani, zinaingia kwenye damu na mitoki na kwenda kuota kwingine. Kwa macho au kwa kupapasa huwezi kujua, ndo maana daktari anataka kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, akakiangalie kwa hadubini.

Na ikihamia haibadiliki kuwa nyingine. Kansa ya titi iliyofika mfupani bado ni ya titi na inatibiwa hivyo, kwa hiyo ukisikia "sasa ana kansa mbili" uliza vizuri kwanza.

Nyingi zinaanzia kwenye ngozi au utando wa ndani wa viungo, yaani titi, koo, utumbo, mlango wa kizazi, hizo zote wanaziita kasinoma. Za mifupa na misuli ni sakoma, chache zaidi. Ya damu inaanzia kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, na mara nyingi huoni uvimbe wowote, ni homa haziishi, damu inapungua, michubuko inatokea bila kuumia, na huku kwetu mtu anameza dawa ya malaria mara ngapi kabla ya kupimwa damu vizuri!

Inayonigusa zaidi ni ya watoto, limfoma ya Burkitt, kansa ya seli za mitoki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, akaona watoto wanavimba taya, akaandika kuhusu ugonjwa huo 1958, halafu 1961 akaendesha gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini akiuliza hospitali kwa hospitali, akakuta unafuata maeneo ya joto na mvua, yaleyale ya malaria. 1964 mtafiti Epstein na wenzake kule London wakaona kirusi kwenye seli walizokuza kutoka vinyama vya uvimbe huo vilivyotoka Uganda. Uvimbe huu unakua haraka ajabu, ila kemo, zile dawa za kuua seli za kansa, inaupiga kwelikweli na watoto wengi wanapona wakiwahishwa na kumaliza dozi.

Kwa hiyo mtoto akivimba taya na meno yanalegea, msiishie kung'oa jino. Ombeni kinyama kipimwe wiki hiyohiyo, na majibu myafuatilie wenyewe.