Kufuli lisilokuwepo

Jumatatu asubuhi, kikaoni katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Malaba, meneja alinigeukia mbele ya watu saba akaniuliza kama sukari ya mama imeshuka. Naamini aliuliza kwa wema. Hata hivyo, habari hiyo nilikuwa nimemwandikia mtu mmoja tu, mwenzangu wa Kampala, kupitia Slack, programu ya kutumiana ujumbe kazini, ambayo kampuni inaitumia kufuatilia malori na hati za mizigo. Mwenzangu ameniapia kwamba hakumwambia mtu.

Nilimwendea kijana anayetutengenezea kompyuta. Akanijibu kwa upole, "Dada, yale maandishi si yako wala si yangu, ni ya kampuni." Nilikuwa nikidhani kwamba mazungumzo ya watu wawili yamefungwa kama yale ya WhatsApp, ambayo tangu 2016 husomeka kwenye simu za wanaozungumza tu. Kumbe Slack haiko hivyo: ujumbe hukaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu za kuhifadhia, chini ya akaunti ya mwajiri, na katika baadhi ya mipango ya kulipia mwenye akaunti anaweza kuruhusiwa kuchukua nakala ya kila kitu, pamoja na ya watu wawili wawili, na tangu 2018 wahusika si lazima waarifiwe. Hata ujumbe uliofutwa waweza kubaki, kama mwajiri amepanga uhifadhiwe. Nami kila Ijumaa nilikuwa nafuta, kama anayefagia uwanja!

Sisemi kumbukumbu hizo zichomwe. Mwaka jana mteja alidai hatukumwambia kuwa hati yake ina kasoro, trela likakaa hapa mpakani siku nne, na ni maandishi yangu ya saa na tarehe yaliyoniokoa nisikatwe mshahara. Linaloniuma ni kutoambiwa. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya Uganda kinalinda faragha ya mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazikusanya kwa ajili gani, tena taarifa za afya imezitenga kuwa za aina ya pekee, zenye ulinzi mkali zaidi. Jana usiku niliusoma upya mkataba wangu wa kazi, kurasa zote nne. Umeeleza rangi ya koti la kuvaa uwanja wa malori, na faini ya kulipoteza, lakini kuhusu ujumbe hauna hata mstari mmoja.

Leo nimempelekea meneja barua ya karatasi, nikimwomba atuandikie ni nani anayesoma na anatafuta nini. Ameipokea, akaiweka chini ya kikombe cha chai, akasema tutazungumza.

Jioni mwenzangu wa Kampala ameniandikia kule kule: "Mama anaendeleaje?" Nimemjibu neno moja, "Nitakupigia."